Mawe ya Kihesa

Jumatatu, 3 Juni 1957. Mbalizi.
Kazi mpya! Bwana Edmund ni daktari lakini hatibu mtu. Anachunguza utii – mtu akiamriwa jambo lisilo na maana, atalifanya hadi lini? Mimi ni mkalimani wake. Kanivisha koti la kaki lenye vifungo vya shaba. Jumbe anatuletea wanaume kumi, nawaambia wabebe mawe toka mwisho huu wa kiwanja hadi ule, kisha wayarudishe yalipotoka. Basi. Akiuliza mtu, ninajibu neno moja tu: Endelea. Bwana yuko dirishani na saa yake, anaandika. Anayekataa yuko huru kwenda zake, ila hilo nisiwaambie.
Nimejitazama kwenye kioo cha lori. Nimependeza, nisijidanganye.

Jumatano, 5 Juni.
Hakuna aliyekataa. Hata mmoja! Asukile, jitu la miraba minne, aliuliza mawe haya ni ya nini. Endelea, nikasema. Akaendelea. Nilicheka peke yangu njia nzima, halafu kicheko kikanikauka.

Jumamosi, 8 Juni. Njiani.
Tumepita Chimala, vumbi mpaka kwenye meno. Lakini nina furaha. Juliana, mke wangu, yuko Kihesa, pale Iringa, kwa baba yake, Mzee Kalinga, tangu ajifungue. Mtoto wa kiume, sijamwona! Mzee ametuma neno: nije mwenyewe kuwachukua, kwa heshima. Heshima ya kwao naijua. Mkwe akimkuta baba wa mkewe huchuchumaa, husalimu, humpokea mzigo. Nilifundishwa kabla ya harusi, na kwa Mnyakyusa kama mimi nilijitahidi, walisema wenyewe.

Jumanne, 11 Juni. Iringa.
Jumbe wa hapa kaleta kumi. Wa saba ni Mzee Kalinga.
Alikuja na jiwe kifuani. Akanitambua. Hatua nne tu – ningechuchumaa, ningelipokea lile jiwe. Badala yake niligeukia dirishani. Bwana akainua kidole. Hakufoka. Hakuna bunduki, hakuna pingu, kidole tu! Nikasema, Endelea.
Mzee akaitikia, ndiyo Bwana.
Safari ya kumi na moja goti likamshinda, akaanguka, jiwe likambana vidole. Damu. Nikasema tena. Akainuka.
Nimejaribu kutafuta wa kumlaumu. Simpati. Ni mimi.

Jumatano, 12 Juni.
Nimemwambia Bwana yule ni baba mkwe wangu. Nilidhani atashtuka. Macho yalimng'aa! Akafungua ukurasa mpya, akaandika jina langu juu, akaniuliza nilijisikiaje. Nikajibu. Maswali yote, nimesimama wima.

Ijumaa, 14 Juni. Kihesa.
Naandika hapa hapa, uani kwa Mzee. Sina pengine pa kwenda.
Nimekuja na shati tu, koti nimeliacha. Nikachuchumaa mlangoni, nikasema, Kamwene, salamu ya kwao. Mzee akasimama, mkono umefungwa kitambaa. Akavua kofia.
"Shikamoo, Bwana."
Yeye! Kwangu!
Nikamweleza yote. Kwamba ulikuwa uchunguzi, haikuwa kazi ya serikali, kwamba angeweza kurudi nyumbani saa ile ile.
"Ndiyo, Bwana."
Nikaomba radhi, nikalia mbele yake bila aibu.
"Ndiyo, Bwana."
Ananidhihaki au ananiogopa? Uso wake hausemi. Afadhali angenipiga.
Juliana akatoka, mtoto mgongoni. Nikaona kisogo tu, kidogo mno. Akamtazama baba yake aliyesimama nyumbani kwake mwenyewe, magoti yanatetemeka.
"Mwambie akae. Mimi nimemwambia, hasikii."
Nikamjibu siwezi, hiyo nayo ni amri.
"Ataanguka, Isakwisa! Mwambie!"
Nikasema: Kaa, baba.
Akakaa. Papo hapo, hata sijamaliza neno.
Juliana ameingia ndani na mtoto, nimesikia komeo likisukumwa. Nimebisha mara mbili. Hafungui.
Mzee bado amekaa pale, mikono magotini. Ananingojea niseme.