Alama Zilizoachwa

Wambui wangu,

Hapa Kapkatet tuko salama, na ng'ombe amezaa. Umeniuliza kwa nini, katika mwongozo unaouandika, ueleze zile alama za zamani za kuonyesha namba ndani ya kompyuta, ilhali hakuna anayezitumia tena.

Nikiwa msichana mgeni huku, nilishuka mtoni katikati ya mashamba ya majani chai. Ukungu ulikuwa mzito, nikitembea kama ndotoni. Nikagonga kibao cha mbao kilichoandikwa: "Daraja lilibebwa na maji. Pita njia ya juu." Mbele yangu mto ulinguruma.

Niliuliza nani alikiandika. Wanawake waliokuwa wakichuma chai wakacheka. "Ni Kamau! Tulimwambia hakuna haja, kila mtu anajua daraja halipo."

"Mimi sikujua," nikasema.

Basi nawe andika kwamba alama hizo ziliachwa, mama, na useme watu watumie zipi badala yake.

Jumapili ile nilimtafuta Kamau kanisani nimshukuru. Ndiye babu yako.

Nyanya yako, Cucu