Jumatano ya Majirani

Kanazi, Bukoba
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mpendwa Kaka Avit,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kisiwani, na kwamba homa imekuachia ufanye biashara yako ya dagaa kwa amani. Sisi huku hatujambo kiasi. Migomba imezaa vizuri na kahawa tumeanza kuvuna. Barua namkabidhi Shilogile, anakuja huko kununua samaki. Jambo lenyewe siliwezi kwenye simu. Mtandao wenu ukikatika katikati utadhani nimerukwa na akili.

Unakumbuka tulivyoanza kuuza tiketi za kumsikiliza Baba akiimba na kupiga nyuzi za enanga yake. Mwanzoni niliweka bei ya chini ili kila mtu aingie, nao wakaingia kweli, pamoja na walevi wa lubisi, pombe yetu ya ndizi, waliopiga makelele mpaka Baba akapoteza sauti wiki nzima kwa kushindana nao. Ndipo nikapandisha: Jumamosi, elfu themanini kwa kila kichwa, wageni wa hotelini mjini, watu wanaozima simu na kutulia. Majirani nikawapa Jumatano, bure kabisa. Wewe mwenyewe ulisema nimetumia akili. Bei hiyo ndiyo iliyomtibu Baba kifua, na siionei aibu hata leo.

Ila ule utulivu wao, Kaka! Unajua nyimbo za Baba zinavyokwenda: anataja jina la shujaa, ananyamaza, watu wanaitikia, ndipo anaendelea. Wageni hawalijui hilo. Akinyamaza wanapiga makofi, wakidhani wimbo umeisha. Baba alikuwa akiwatazama kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Majirani nao walikuja Jumatano chache, wakaacha. Jirani yetu Agnetha aliniambia waziwazi kwamba siku ya bure ni makombo, na kwamba hawajawahi kupangiwa zamu ya kuingia kwa Baba, mzee Rutaihwa. Nilinuna. Nikamjibu kwamba kama hawataki, basi.

Aliyebaki ni mzee wetu Ta Kahigi peke yake. Unajua ameitikia nyimbo za Baba tangu wote wawili wakiwa vijana, na pale karibu na mlango ni pake. Jumamosi moja mwezi wa tatu alikuja na kanzu safi na fimbo yake. Nyumba ilikuwa imejaa wageni. Nilimpokea getini kwa heshima zote, nikamwomba arudi Jumatano. Akasema sawa mwanangu, akageuka. Jumatano hiyo ndiyo tuliyomzika.

Baada ya mazishi nilitaka Baba apumzike, akakataa. Jumamosi akaimba, na mahali pa kunyamaza akanyamaza. Safari hii wageni hawakupiga makofi, sijui kwa nini. Baba aliinamisha kichwa, akatabasamu, akaendelea, kana kwamba ameitikiwa. Nilipomwuliza baadaye akasema Kahigi leo anaitikia kwa mbali kidogo. Niliona ni huzuni na uzee, yatapita. Hayakupita. Wiki chache baadaye mgeni mmoja akaniuliza ni nani yule anayeitikia kutoka nje, na mbona hatumkaribishi. Nilimwambia ni mtu wa jirani. Mae waitu, Kaka, niliogopa, na sasa hivi ninapoandika ninaogopa.

Nikabadili utaratibu. Jumatano nikaifuta, wageni walipe Jumamosi kama kawaida, na majirani waingie siku hiyohiyo bure, tena wakae mbele. Nilipita nyumba kwa nyumba kuwaomba, hata kwa Agnetha. Wakaja. Baba aliponyamaza wakaitikia kwa sauti moja, nami nikalia kwa furaha pale nilipokuwa nimesimama. Lakini Baba akaweka enanga chini, akawaomba kwa upole wasimzibe Kahigi, maana hasikiki.

Jumamosi iliyopita nikaamua kumtoa Baba kwenye mawazo hayo. Nilimwuliza mbele ya watu wote, kama Ta Kahigi yupo, kwa nini haingii ndani akakaa mahali pake. Baba alinishangaa. Akasema ataingiaje, na mimi nilimwambia arudi Jumatano, na Jumatano yenyewe nimeifuta.

Nilichukua kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama tunavyompelekea mgeni yeyote wa heshima, nikatoka mchana kweupe, watu wote wakinitazama. Getini nilipiga magoti, nikamkaribisha Ta Kahigi kwa Kihaya kama alivyotufundisha Mama kukaribisha wazee. Barabarani hapakuwa na mtu. Nikarudi ndani, nikakiweka kikapu mahali pake.

Tangu hapo Baba hajaimba. Ameihamishia enanga pale karibu na mlango, na kutwa nzima anatafuna kahawa, anazungumza kwa sauti ya chini, anacheka. Nikisogea ananiomba nirudi siku nyingine. Anasema Jumatano inafaa zaidi. Jana ilikuwa Jumatano, nikaenda, akaniambia pamejaa.

Njoo, Kaka, acha dagaa. Wewe ulikuwa ukikaa magotini pa Ta Kahigi utotoni, ukiitikia pamoja naye. Labda wewe utaruhusiwa kuingia.

Wifi Esther na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Agnetha anakusalimu, na Baba angekusalimu kama ningeweza kumfikia. Geti utalikuta wazi.

Mdogo wako akupendaye,
Jovita