Jina Ulilopewa na Mama

Shule ya Koto ya Tomoda,
Fukuyama.
14 Novemba 1966.

Mpendwa Dada Kinuyo,

Pokea shikamoo yangu kutoka ng'ambo hii ya bahari. Hujambo wewe, na mgongo wako je? Shemeji Yasutaro ameacha kukohoa? Kahawa imezaa mwaka huu, au baridi imeiunguza tena? Huku tu wazima. Figili tumeshazianika barazani, na kunguru wananitia wazimu.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Hii ya kukujibu nimeianza mara nne na kuichana mara nne. Unasema umeanza kuwafundisha watoto watatu wa majirani huko Brazili kupiga koto, kinanda chetu cha nyuzi, na unaomba nikutumie kibao chenye jina lako la sanaa alilokupa mama, Utashizu, ukitundike mlangoni. Dada, jina hilo nimempa mtu mwingine. Nimelitoa wewe ukiwa hai, na sikukuuliza.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, ingawa uso umeniiva kwa aibu. Ulipoondoka tulikuwa na wanafunzi saba na koto nne, mbili zina nyufa. Leo wanafunzi ni mia moja arobaini na wawili. Tumebomoa ukuta wa chumba cha mama ili watoshe. Wasichana wa kiwandani wanakuja wakitoka kazini, kwa sababu mama wakwe siku hizi wanataka bibi arusi anayejua kupiga koto. Nyuzi za hariri tumeacha, tunafunga za nailoni. Mama angenuna, lakini hazikatiki ovyo.

Katika wanafunzi hao yuko Chizuru Arisaka. Mkono anao, hilo sitamnyima. Alifungua tawi letu Okayama akatuletea watu arobaini kwa mwaka mmoja. Ulipofika wakati wa kumpa jina la ualimu, nilimtungia moja zuri tu. Akalitazama, akacheka.

"Mwalimu, hili si jina la paka kweli? Nipe zito. La sivyo, Okayama walimu wako wengi."

Niliogopa. Niliwaona wale arobaini wanavaa viatu na kuondoka. Nikajiambia kwamba lako limekaa bure, Brazili ni mbali, na wewe unavuna kahawa. Nikampa. Tamaa mbele, mauti nyuma, ndivyo tulivyofundishwa, nami nilijifanya sikumbuki.

Gazeti la hapa likaandika: "Utashizu wa Pili." Unajua mwenyewe watu wetu wanavyosoma neno hilo. Hakuna wa pili mpaka wa kwanza awe amezikwa. Keshoye Mzee Tokuji, aliyekuchongea koto yako ya kwanza, alisimama mlangoni na nguo nyeusi, na boksi la udi mkononi.

"Sumie, mwanangu, mbona hukuniambia? Kinuyo amefariki lini?"

Nyuma yangu walikuwa wamekaa Chizuru na wanafunzi kumi na watano. Neno moja tu lingetosha: yu hai. Dada, niliinamisha kichwa. Nikasema, "Habari za mbali huchelewa, mzee." Akaingia, akapiga magoti mbele ya picha ya mama, akawasha udi, akalia kwa sauti. "Mtoto wa watu, kafia ugenini," akasema. Mimi nikamtengenezea chai.

Baada yake wakaja wengine. Kwa siku kumi na moja nilipokea udi wa msiba wako, na nilikuwa nikishukuru kila mmoja kwa adabu zote. Kisha barua yako ikafika, na wale watoto wako watatu ndani yake.

Jumapili iliyopita niliwakusanya wanafunzi wote na kumwita Mzee Tokuji. Nikaweka paji la uso sakafuni, nikasema kweli. Chizuru aligeuka mweupe. "Kumbe nimevalishwa jina la mtu aliye hai?" akasema, akauvuta waraka wake wa jina kutoka kifuani, akauweka mbele ya magoti yangu na kutoka nje. Wa Okayama walimfuata. Sijui kama watarudi, na simlaumu.

Mzee Tokuji aliacha chai yake ipoe bila kuigusa. Mwishowe akasema, "Basi machozi yangu nilimwagia aliye hai. Nirudishie udi uliobaki, Sumie." Nikamrudishia. Alikuwa akipumua kwa shida aliposhuka ngazi, na hakutaka nimshike mkono.

Jina ni lako, halijawahi kuwa la mwingine. Ungeweza kuniacha hapo na kunisamehe, lakini kuna jambo sikulisema Jumapili, na nisipokuambia wewe nitalikalia mpaka kufa. Mzee Tokuji alipokuwa akikulilia, niliona nafuu. Miaka yote mama aliposikia nikipiga vizuri, alisema, "Karibu umfikie Kinuyo." Hata ulipoondoka alisema hivyo, hata siku ya kufa kwake. Asubuhi ile, jikoni, maji yakichemka, nilijiona kwa mara ya kwanza kuwa mtoto pekee wa mama yangu, na ilinipendeza.

Nisalimie Shemeji Yasutaro, na wanao, Haruto na kadogo Emiko. Hao watoto watatu wa koto nao nisalimie, ingawa hawanijui. Shangazi Tane anakusalimu kupitia kwa mwanafunzi. Yeye hakuamini tangu mwanzo kwamba umekufa, na haongei nami.

Mungu na wazee wetu wakulinde. Uishi, dada. Uishi mpaka uniudhi, uniandikie matusi kila mwezi, nami niyasome kwa sauti mbele ya picha ya mama.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuzika ungali unapumua, nikupendaye,
Sumie