Ndama wa Koko na Majivu ya Mlima

Mpendwa Yeyo, mama yangu,

Nakuinamishia kichwa uniguse, ingawa mikono yako iko huko Kitengela nami niko Natron. Goti lako limepata nafuu? Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu imezimika. Sola yetu ilijaa majivu, kila nilipoifuta ikajaa tena. Mfanyabiashara mmoja anayekuja mnada wa Kajiado atakuletea barua hii.

Mlima Ol Doinyo Lengai umeanza kutapika moto na majivu tena. Tuko wazima, lakini Yeyo, nimechoka! Nyasi ni kijivu, ng'ombe wanaharisha. Mume wangu ameihamisha mifugo mbali, akaniachia mwanetu Leshan, mama mkwe wangu, yaani Koko, bibi yake Leshan, na ndama mmoja mdhaifu. Watu wa dharura walitugawia maski. Koko, anayekohoa mpaka anashika nguzo, yake alimvisha ndama.

"Huyu ndiye hajui kuziba pua," akaniambia.

Nikampa yangu. Akamvisha mbuzi wa jirani!

Lori la kutuhamisha lilipofika, Koko akakataa kutoka bila ndama wake. Dereva naye akasema, "Watu tu, mama. Mifugo ibaki." Nilibembeleza, nikafoka, nikalia. Wapi! Basi nikafanya ulivyonifunza ng'ombe akigoma kuvuka mto: unatangulia na ndama wake, naye anafuata mwenyewe. Nilimbeba yule ndama, nikampandisha kwenye lori. Koko akanifuata huku akinitukana njia nzima.

"Si nimesema mifugo ibaki?" dereva akapiga kelele.

"Mteremshe wewe basi," Koko akamjibu, tayari ameketi.

Sasa tunalala darasani, kwenye shule walikotuhamishia, ndama akiwa mlangoni. Daktari alimpima Koko kifua, akasema angekawia kidogo tu tungemzika. Hanisemeshi bado, ila kila jioni ananimiminia nusu ya chai yake.

Ujumbe wako wa mwisho niliusikia kabla simu haijazima: "Nitumie Leshan tu, wewe kaa na mama mkwe wako, sikulazimishi." Yeyo! Juzi tu nimebeba ndama, mgongo bado unaniuma, nawe unadhani sitakushtukia?

Nisalimie shangazi anayeuza maziwa pale steji, na kaka yangu wa duka la dawa za mifugo. Mwambie aandae mahali pa kufunga ndama. Nawe tandika vitanda vitatu.

Ni mimi binti yako, mwenye majivu mpaka masikioni,
Nasieku