Waya Sikioni mwa Achok

Jumatatu, 5 Februari 2024
Binti yangu Achok hasikii. Tangu Ijumaa! Nimebadilisha betri, nimebadilisha kebo, nimebandua ile mashine ya nje ya kusikilizia na kuibandika upya — wapi. Nikigonga sufuria nyuma yake hageuki. Miaka sita, na kusikia kwenyewe alianza juzi juzi tu.

Nimempigia Dkt. Bilha, aliyempasua Nairobi na kumtia kifaa cha kusikia. Anasema huenda waya ya ndani ya sikio imehama. Ikiwa imehama, kisu tena. Ikiwa iko mahali pake, watarekebisha mashine, basi. Anataka eksirei.

Mume wangu Mathiang anasema tutulie. Atulie yeye!

Jumanne, 6 Februari
Eksirei imepigwa hapa Juba, mtaa wa Thongpiny. Nikainua filamu dirishani, nikaipiga picha kwa simu, nikatuma WhatsApp. Juba nzima hufanya hivyo, hata mbavu za mama mkwe zilisomwa vivyo hivyo. Jibu la daktari: anaona wingu! Waya yenyewe nyembamba kama uzi wa kushonea, imejikunja mahali padogo kuliko punje ya njegere, na anataka kuona kila nukta yake. WhatsApp imefinya kila kitu. Anataka faili lenyewe kutoka kwenye kompyuta, picha kali, na kichwa kilazwe upande.

Siku nzima bure. Nimejikasirikia hadi chakula kimenishinda.

Jumatano, 7 Februari
Morris, mpiga eksirei, Mkenya mwenzangu, akatuonya: mtoto akitikisika hata kidogo, picha imeharibika. Sawa — lakini nitamwambiaje? Kwetu ishara ni marufuku. Sheria ya Mathiang: binti yake ataongea kwa mdomo kama watu.

Achok akaanza kulia, anavuta gauni langu. Nikabaki nimesimama kama mjinga.

Basi Mathiang huyo huyo, na lile aproni zito la madini ya risasi, la kukinga miale, kifuani, akapiga magoti mbele yake. Akalaza shavu kiganjani, akafumba macho, akajaza hewa mashavuni, akaganda. Achok akacheka — picha ya kwanza ikaharibika. Ya pili akamwiga babake vizuri kabisa. Ikatoka! Mathiang akatoka nje haraka akisema kuna joto. Nilimwona akifuta macho. Nilimpenda upya.

Kwenye kompyuta waya ilionekana wazi, imejizungusha kama konokono. Morris akakuza sehemu moja. Akaikuza tena. Nikamuuliza kama iko sawa. Akasema hilo ni la daktari.

Alhamisi, 8 Februari
Faili limeenda. Daktari amelipokea asubuhi, kisha kimya. Kazini benki nimekosea jina la mteja mara mbili, bosi akaniambia niende nyumbani. Nimefagia kompaundi iliyokwisha kufagiliwa. Mathiang ameketi na Achok, wanafundishana ishara za kujitungia — chai, mbuzi, bibi. Hakuna anayekataza.

Simu inaita. Dkt. Bilha! Mathiang amesimama. Achok haangalii simu, ananikazia macho usoni. Sijui niuweke vipi huu uso —