Makofi ya Rehema

Jumanne, Juni 1979

...na makofi yenyewe nimewafundisha mimi. Hilo ndilo linaloniuma.

Wiki ijayo mkaguzi wa shule anakuja, na mwalimu mkuu anataka watoto wangu wa darasa la kwanza waseme sentensi kamili. Kwa hiyo nimeweka sheria. Mtoto akiniambia neno moja tu, simjibu. Akimaliza sentensi, wenzake wanampigia makofi.

Leo Rehema alisimama, amebana miguu. "Mwalimu, susu."

Nilimwelewa. Nani asingemwelewa? Lakini nikasema, "Sentensi kamili, Rehema."

"Mwalimu, na... naomba..." Mkojo ukaanza kumtiririka hadi kwenye soksi. Nilidhani atakimbia nje. Hakukimbia. Alibaki pale pale, miguu imelowa, akamaliza: "Naomba ruhusa niende chooni."

Darasa zima likapiga makofi. Hawakuwa wakimcheka. Walifanya nilivyowaambia.

Nilimkalisha juani mpaka sare ikakauka. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini mwalimu kumwomba mtoto msamaha... sijui. Sijawahi kuona. Nikarudi ubaoni, nikijiona mtu mbaya.

Saa saba mama yake, anayeuza mandazi kule Kaloleni, akaja kumchukua. "Mwalimu, huyu ameshindaje leo?"

"Vizuri," nikasema.

Mama akamshika mkono waende. Rehema hakusogea. Alinitazama usoni, akingoja nimalize sentensi.