Baba Alikuwa Ng'ambo ya Mto

Moshi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Baba naye mpe shikamoo yangu, hata kama hawezi kuitikia. Mmeamkaje hapo Mabwerebwere? Matope ya mafuriko yamekwisha ndani? Sisi huku ni wazima, mjukuu wako ameanza kutambaa na anakula kila anachokiokota.

Nimeamua kuandika kwa sababu kila nikipiga simu unaweka spika, nyumba nzima inasikiliza, nami nashindwa kusema. Mdogo wangu Rashidi amekwisha kukueleza aliyoyaona yeye. Acha nikueleze ya upande wangu.

Tajiri wangu wa karakana aliponiambia kuna watu wanaendesha baiskeli kutoka Iringa hadi Kilosa, wanachangisha kwa ajili ya waliobomokewa nyumba, na wanatafuta fundi, sikumwacha amalize. Tangu Baba apooze nimekuwa nikipanga kuja, na kila nikipanga linatokea jambo. Sasa naletwa nyumbani nikiwa kazini! Usiku ule sikulala kwa furaha.

Milima ya Kitonga tuliishuka salama, breki zikinuka kama mpira unaoungua. Mimi nilikuwa nyuma ya wote, sanduku la spana nimelifunga kwenye keria. Mbele alikuwa kiongozi wetu, Mama Temba, muuguzi mstaafu, mtu mzima kama wewe. Kila kwenye mlima aliimba ili tusikate tamaa, na tulipofika Mikumi sauti ilikuwa imemkauka. Pale Mikumi, kwenye nyumba ya wageni, ndipo nilipokupigia ukaniambia kuku ameshachinjwa.

Alfajiri mvua ikaanza. Njia ya Kilosa ikawa tope tupu, matairi hayazunguki, vilima vingine tulivipanda baiskeli zikiwa mabegani. Wenzangu walilalamika. Mimi sikuchoka hata kidogo, nilikuwa naja kwetu. Tukateremka kilima kimoja tukakuta watu wamesimama ukingoni mwa mto. Daraja halipo. Maji mekundu, yanabeba miti mizima na mizizi yake.

"Fundi, wewe ni wa huku," Mama Temba akaniambia. "Hakuna njia nyingine?"

"Ipo ya kuzungukia Rudewa," nikasema, "lakini nayo wanasema imefungwa na maji."

Nikampigia Rashidi akwambie msitusubiri. Sikujua kama angempakia Baba kwenye bajaji. Kwa tope lile sijui walipitaje. Niliona tu bajaji imesimama ng'ambo, mdogo wangu anamshusha mtu mikononi kama mtoto, anamketisha juu ya jiwe. Mama, amekonda! Koti lake lile la sikukuu ya Idi limekuwa kama la mtu mwingine.

Niliita, "Baba! Shikamoo Baba!" Hata mimi mwenyewe sikuisikia sauti yangu kwa kelele za maji. Nikapiga simu, Rashidi akamwekea sikioni.

"Baba, ni mimi Shabani. Niko hapa mbele yako, mwenye fulana ya njano."

Nikamsikia anapumua. Ndipo nikageuka nikaona kwamba wote tumevaa fulana za njano. Nilitaka kumwambia nitapunga mkono, mtandao ukakatika, na haukurudi tena.

Basi nikaingia majini. Sikufikiri. Maji yalifika kiunoni, miguu ikateleza, nikashikwa fulana kwa nyuma. Walikuwa Mama Temba na mfugaji mmoja wa pale.

"Unataka yule mzee akuangalie unavyozama?" Mama Temba akanikaripia kwa ile sauti yake iliyokauka. Nikakaa kwenye tope.

Mvua ikarudi. Rashidi akaanza kumfunika Baba kwa turubai, na upande wetu wakaanza kupakia baiskeli kwenye gari lililobeba michango. Kabla hawajaondoka nikaona mkono wa Baba umeinuka juu. Watu wote wa upande wetu wakapunga, nami nikapunga. Kisha nikaitwa nikafunge baiskeli, nikaenda kuzifunga. Magodoro na sufuria mlizokuwa mkiletewa tumeziacha Mikumi mpaka njia ipone. Mimi nimerudi karakanani.

Nisalimie dada Mwanaidi na shemeji yangu. Nisalimie shangazi wa vitumbua, na mjomba wa Rudewa aliyewapa pa kulala nyumba ilipojaa maji. Rashidi mwambie namshukuru sana, alifanya ambalo mimi mkubwa nilishindwa.

Jambo moja tu, Mama. Rashidi ananiambia Baba alinitambua, akainua mkono mwenyewe. Lakini mkono ulioinuka ulikuwa wa kushoto, ule ambao haujanyanyua hata kijiko tangu apooze. Nimesimama mara nyingi hapa chumbani, nikageuka alivyokuwa ameelekea yeye, nihakikishe. Ni wa kushoto. Rashidi alikuwa nyuma yake, ameinama. Usimwambie kwamba najua nani aliuinua, alikuwa ananionea huruma.

Ila siku Baba akiamka vizuri, kaa karibu naye umwambie hivi: yule aliyeingia majini ndiye Shabani.

Ni mimi mwanao niliye mbali,
Shabani